Hodi Pasipo Mlango

Cheka, lakini ukimaliza kucheka usikilize, maana hili sikuhadithiwa. Lilinipata mimi mwenyewe, Dubai, asubuhi, tumbo limejaa chai, akili timamu. Na nilikuwa na shahidi. Shahidi mwenyewe mtoto wa shule, lakini shahidi ni shahidi.

Miaka ile nilikuwa nafanya kazi kwenye banda la mbwa wa theluji, nje ya mji, mbele kabisa ya Mirdif, mchanga mtupu. Ndiyo, mbwa wa theluji jangwani. Usiniulize mimi, kamuulize mwenye pesa zake. Wale haski walilala kwenye kiyoyozi, sisi tukalala na feni. Theluji hakuna, kwa hiyo walivuta kigari cha magurudumu manene, abiria anakaa mbele, mimi nasimama nyuma kwenye breki. Mama nyumbani Tanga nilimwambia nimepata kazi ya udereva. Sikumdanganya. Magari yangu yalikuwa na mikia tu.

Wakati wa baridi shule zilileta wanafunzi kwa basi, alfajiri, kabla jua halijachachamaa. Hapo ndipo nilipokuwa mfalme. Nawafundisha kuwavisha mbwa mikanda, nawatania, nawazungusha mmoja mmoja mpaka kwenye bendera na kurudi. Na mbwa niliwafundisha Kiswahili. Twende, kulia, kushoto, simama, rudi. Sir, yule bosi wetu, alikuwa akisema kwa Kiingereza mbwa wanamtazama tu kama wanasubiri mkalimani. Mbwa wa mbele, jike lenye jicho moja la buluu, nilimwita Bi Mkubwa, maana bila idhini yake hakiendi kitu. Nawakumbuka mpaka leo. Harufu ya manyoya yenye umande, watoto wanapiga kelele, Wasswa, mlinzi wetu Mganda, anapita na chupa ya chai. Maisha yalikuwa matamu, tukadhani tunateseka.

Sasa siku hiyo kulikuwa na ukungu. Ukungu wa Dubai unaujua? Unanyoosha mkono, vidole huvioni. Sir akasema tusubiri. Ukapungua kidogo, akasema yalla, haya nendeni, lakini msivuke bendera. Abiria wangu wa mwisho alikuwa binti wa miaka kumi hivi, Latifa, wa zile familia za Kizanzibari zilizokaa Dubai zamani. Aliposikia nasema "twende" akageuka, macho yamemtoka.

"Ami, mbwa wako wanajua Kiswahili?"

"Wanajua. Tatizo wana lafudhi ya Tanga."

Akacheka, tukaenda. Hatujafika hata kwenye bendera, ukungu ukarudi wote kwa mpigo. Bi Mkubwa akasimama bila kuambiwa. Kimya. Haski hawanyamazi ovyo, niamini, wale wanapiga domo kuliko vinyozi.

Ndipo nikasikia, nyuma yangu, taratibu: "Hodi."

Ungefanya nini? Mimi nilikuwa na miaka sijasikia hodi. Dubai watu wanabonyeza kengele. Na sauti ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, aliyefariki mimi niko kule Dubai na sikwenda kumzika. Mdomo ukajibu kabla kichwa hakijauliza mlango uko wapi.

"Karibu, pita ndani."

Kigari kikazama mchangani, kama mtu mnene amepanda. Shingoni nikahisi pumzi, ya baridi.

"Ami," Latifa akanong'ona, bila kugeuka. "Nani kapanda?"

Sauti ikasema, "Twende zetu." Na mbwa wakaenda. Kiswahili si niliwafundisha mwenyewe? Nikakanyaga breki, wapi. Nikasema simama, hawakunisikia mimi. Sauti ikasema kushoto, wakakata kushoto, bendera ikatupita ubavuni. Huko mbele kulikuwa na barabara kubwa ya malori. Mimi na mtoto wa watu, ndani ya ukungu.

Nifanyeje? Mgeni nimemkaribisha kwa mdomo wangu, na mgeni kwetu hafukuzwi. Lakini mgeni anasindikizwa. Sijui ilitoka wapi akili hiyo, darasa la saba langu halikufundisha. Nikasema kwa adabu zote:

"Bibi, sisi tunakusindikiza tu. Wapi panatosha?"

Ikacheka kidogo, kile kicheko cha bibi cha kukubali kuwa umemshinda ujanja.

"Haya. Hapa panatosha, mjukuu wangu."

Kigari kikawa chepesi. Mbwa wakasimama, na hapohapo lori likapita mbele yetu na honi yake, karibu mno, vumbi likatupiga usoni. Nikasema rudi, kwa sauti ya kuku. Wakarudi.

Njiani nikataka kumtuliza mtoto. "Usiogope, ile ilikuwa sauti ya bibi yangu."

"Hapana, ami. Ilikuwa ya bibi yangu mimi."

"Bibi yako yuko wapi?"

"Nyumbani, Bur Dubai. Nimemuacha kalala."

Mzima wa afya, bibi wa watu. Nikaishiwa utani siku ile.

Wasswa nilipomsimulia akaniambia, "Ssebo, bwana wangu, chai yangu haina kitu, usinisingizie." Lakini tangu hapo yeye ndiye aliyeacha kufika kwenye bendera. Na Bi Mkubwa nikimwambia twende, haendi. Anageuza masikio nyuma yangu, anasubiri mwingine aseme. Sir akaona, akawarudisha kwenye Kiingereza, na mimi nikapelekwa kuosha mabanda mpaka viza ikaisha. Khalas, basi.

Siku hizi niko nyumbani Tanga. Mtu akibisha hodi, nachungulia kwanza, ndipo niitike. Mama anasema Uarabuni kumeniharibu adabu. Namuacha aseme.

Wewe uliye mbali na kwenu, nakuomba. Ukisikia hodi mahali pasipo mlango, kwa sauti unayoitamani kuliko zote, nyamaza. Najua utataka kuitika. Ndiyo maana imekuja na sauti hiyo.