Gitaa la Elkanah katika Kaseti ya Dunstan

Kama uliishi Beltsville, kule Marekani, miaka ile ya mwisho ya tisini, na ulikuwa Mkenya au Mtanzania, ulimjua Elkanah hata kama leo hutaki kukiri. Wengi hawataki. Wanasema, "Yule mlevi wa gitaa?" kisha wanageuza mazungumzo. Mimi Awino niliitikia nyimbo nyuma yake miaka mitatu, kwa hiyo nitasema ninavyojua, na wa kununa anune.

Elkanah alitoka upande wa Kapsabet, Kenya, ambako watu wanapenda muziki wa kantri kuliko Wamarekani wenyewe. Alijifunza gitaa kwa kusikiliza redio ya baba yake, na alipofika Maryland alishangaa kukuta nusu ya majirani zake hawana habari na muziki huo. "Nimekuja mpaka kwao," aliniambia, "na bado mimi ndiye nawafundisha." Siku za kazi alisukuma viti vya magurudumu katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Rockville, ambako mimi pia nilikuwa naogesha na kulisha. Jumamosi alishika gitaa la umeme akapiga kantri ya nyumbani kwa fujo ya roki, ngoma nzito nyuma, Kiswahili juu yake. Hatukuwahi kusikia kitu kama hicho. Watoto wetu, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, waliziimba nyimbo zake neno kwa neno.

Kulewa alilewa, sifichi. Mkewe, Lorraine, alivumilia mpaka akachoka, akarudi Kenya na binti yao Jerotich, mtoto wa miaka minne. Elkanah hakuweza kuwafuata kwa sababu makaratasi yake hayakuwa sawa. Angetoka Marekani asingerudi tena. Tangu hapo alikunywa zaidi na kutunga vizuri zaidi, na nilichukia sana kuona mambo hayo mawili yakienda pamoja.

Wimbo wake mkubwa aliutunga kwa ajili ya binti huyo. Kwao mtoto wa kike anayezaliwa jioni, ng'ombe wakirudi nyumbani, huitwa Jerotich, na wimbo mzima ulikuwa ni baba anayeomba asiachwe nje: "Jerotich, usifunge mlango, bado niko njiani." Alimwahidi kwenye simu kwamba atamtumia kaseti yake, mtu yeyote akisafiri. Lakini hakutaka kutuma kitu cha ovyo. Alitaka kiwe kizuri, ili mtoto akikua aseme baba yangu alikuwa mtu.

Tulirekodi kwa Dunstan, kule Bowie. Dunstan alikuwa Mtanzania wa Moshi, mtu wa ofisini, tai shingoni, nyumba ya ghorofa na nyasi zilizokatwa, na ndiye aliyetupigia gitaa la besi. Alikuwa na mashine ya kaseti iliyoweka sauti ya mwimbaji peke yake na kila ala mahali pake, hivyo ukikosea kuimba unafuta sauti tu, magitaa yanabaki. Siku ya wimbo wa Jerotich nilipiga chafya kabla ya kiitikio cha mwisho. Elkanah akacheka, kidole kikateleza, gitaa likasita kidogo kisha likaendelea. Tulipousikiliza tukakubaliana ubaki hivyo hivyo.

Elkanah hakuichukua kaseti. Alijijua. "Dunstan, keep hizi zote," alisema. "Mimi nikilewa nita-record mechi ya mpira juu yake."

"Kaka, kwangu zipo salama," Dunstan akajibu, na alimaanisha, siku ile.

Kabla haijapatikana safari ya mtu wa kuaminika, Dunstan akaokoka. Sina ugomvi na wokovu. Mimi mwenyewe nasali. Lakini mnajua desturi yetu: aliyeokoka hutoa ushuhuda mbele za watu, na vitu vya dunia hutolewa nje vikachomwa. Mkewe, Honorata, alitualika sote. Elkanah alikuja na tai ya kuazima na soda mkononi, mkavu kabisa, amefurahi kwa ajili ya rafiki yake.

Dunstan akasimama kwenye nyasi zake. Akasema kuna ndugu yupo hapa hapa ambaye shetani alimtumia kumfunga yeye Dunstan kwa muziki wa vilabu. Kila mtu akageuka kumtazama Elkanah. Kisha akabeba boksi la kaseti zetu, akazimwaga kwenye jiko la mkaa lile lile tulilochomea nyama. Plastiki ikatoa moshi mweusi, Mzungu wa jirani akachungulia juu ya uzio.

Elkanah alirukia jiko kwa mikono mitupu. "Ya mtoto imo humo!" alipiga kelele. "Dunstan, ya mtoto!" Wazee wa kanisa wakamdaka, wakaona anavyotetemeka na kupiga mateke, wakasema ni mapepo hayataki kuacha kiti chao. Wakamlaza chini wakamwekea mikono. Watu wazima sita wamemkalia mtu anayemlilia binti yake, wanakemea! Niliwavuta mashati mpaka mmoja akaanza kunikemea na mimi.

Kwa mwaka mzima baada ya hapo Elkanah hakugusa gitaa. Pombe nayo aliiacha, jambo ambalo wazee wale walijipongeza nalo. Ajabu ni kwamba katika kila kanisa letu nilikosali, Rockville, Bowie, popote, vijana walipiga gitaa kwa mkono wake: ule mvuto wa nyuzi, ile roki iliyofichwa chini ya mapambio. Hakuna aliyemtaja.

Halafu, mwaka wa tisini na tisa, Dunstan akatoa kaseti ya injili. Ikauzwa mlangoni baada ya ibada kwa miezi, mpaka Ijumaa moja jioni nami nikainunua kwa kinyongo. Nikaiweka garini. Wimbo wa tatu ukaanza. "Bwana Yesu, usifunge mlango, bado niko njiani." Sauti ilikuwa ya Dunstan. Nikajiambia ameuiga tu. Kabla ya kiitikio cha mwisho gitaa likasita kidogo, likaendelea. Pale pale palipokuwa na chafya yangu.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda Bowie.

"Ulichoma nini siku ile?" nikamuuliza mlangoni.

Hakukana. "Dada Awino, zile nyingine nilichoma kweli. Ile moja nilishindwa. Gitaa halina dhambi, dada. Nikafuta yale maneno tu."

"Ulifuta jina la mtoto."

"Nilimpa Mungu," alisema, tena kwa upole, kama mtu anayekusamehe. Nilitamani kumzaba kofi. Hadi leo najuta kwamba sikumzaba.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, nikaenda Beltsville kumweleza Elkanah. Nilimkuta kwenye kochi, gitaa la mbao mapajani, simu mezani, spika yake imewashwa. Alinipungia mkono nikae. Uso wake ulikuwa umenyolewa.

"Nimeamua kumwimbia mwenyewe," alininong'oneza. "Kaseti ya nini? Niko mzima, sijalewa. Jerotich yuko kwenye duka la shangazi yake, anangoja."

Nilipaswa kumwambia wakati ule ule. Alikuwa na furaha, mdomo wangu ukagoma.

Akaimba. Aliimba vizuri kuliko siku zote nilizomwitikia. Alipofika kwenye jina la binti yake alifumba macho. Alipomaliza, upande wa pili tukasikia mtoto akicheka.

"Baba, umekosea! Si Jerotich hapo. Ni Bwana Yesu."

Elkanah alifungua macho akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa, akajua kwamba najua.

"Umeutoa wapi, mama?" alimuuliza binti yake polepole.

"Uncle Dunstan alimtumia Mama kaseti. Tunauimba Sunday school, mimi ndiye naongoza. Wewe huujui wote, Baba?"

Nilingoja alipuke, aseme ni wangu, ni wako, wametuibia. Mtoto alikuwa bado anamngoja, anapumua kwenye simu ya shangazi.

"Siujui wote," Elkanah alisema. Akalishika gitaa tena. "Nifundishe."