Bega la Kulia la Mbeba Mitungi

Lifti ya jengo la ghorofa tano imegoma tena asubuhi hii, na msambaza gesi aitwaye Mtungi yuko kwenye ngazi, akizozana na bega lake mwenyewe.

Mtungi wa gesi ameuweka begani kushoto. Anapanda vidato vinne, anasimama, anahema. Bega la kulia linajisogeza lenyewe, kama shemeji aliyesikia sahani zikigongana jikoni.

"Tulia wewe," anasema. "Zamu yako imekwisha."

Mama anayeshuka na ndoo anasimama. "Mimi nimekukosea nini, baba?"

"Si wewe, mama. Naongea na bega."

Mama anampisha, kwa nafasi kubwa kuliko inavyohitajika.

Jina la Mtungi alipewa na kazi. Ana miaka arobaini na moja, na kwa miaka kumi na sita amesambaza gesi ya kupikia majumbani. Mtungi mmoja ukijaa, chuma na gesi pamoja, unakaribia kilo thelathini. Alipokuwa akibebea kulia, alimaliza mitungi ishirini kabla ya saa sita mchana. Siku hizi akijitahidi sana ni kumi na mitatu, na mwenye duka ameshaanza kuguna.

Sababu ya mateso hayo ni judo. Jioni tatu kwa wiki, Mtungi hufundisha judo katika ukumbi wa kukodi wenye mikeka iliyoshonwashonwa. Ana wanafunzi kumi na tisa. Sasa chama cha judo kimeagiza kwamba darasa lisilo na mwalimu mwenye cheti lifungwe mwisho wa mwezi. Mtungi ameufeli mtihani wa cheti hicho mara mbili. Wa tatu, ambao ndio wa mwisho, ni Jumamosi.

Tena hakufelia kwenye kutupa watu. Alifelia kwenye kusimama.

Kusimama ndiyo alifu ya judo. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, shingo inyooke, macho yatazame mbele badala ya kuchungulia vidole, na uzito ugawanyike sawa. Ukitembea, nyayo ziteleze bila kupishana. Anayesimama hivyo ni kazi kumwangusha. Anayeegemea upande keshaanza kuanguka, ila hajaambiwa tu.

Mtahini alimshika ukosi kwa vidole viwili, akamvuta polepole kuelekea pembe ya mbele, kulia. Mtungi akaenda mzimamzima.

"Bwana, unasimama kama mtu aliyebeba kitu," mtahini akamwambia. "Utamfundisha nani kusimama?"

Alirudi nyumbani amefura. Akavaa shati lake, akajitazama kwenye kioo, akaona mabega yamelala sawa kama rula. Akamwita mkewe, fundi cherehani, aje ashuhudie uonevu.

Mkewe alipitisha kidole kwenye mshono wa bega.

"Baba Pacha," akasema, "hebu vua shati."

Bila shati, bega la kulia lilikuwa chini kwa karibu inchi moja na nusu. Kwa miaka tisa mke huyo alikuwa akimkatia mumewe mashati yenye mabega tofauti, na la kulia akilijazia kitambaa kwa ndani. Vazi la judo lilitoka dukani, halikuwa na huruma hiyo.

"Nilitaka mume wangu apendeze," anajitetea. "Angeniuliza, ningemwambia."

"Ningeulizaje nisichokijua?" anadakia Mtungi.

"Basi na mimi ningejibuje nisichoulizwa?"

Walinuniana siku mbili. Siku ya tatu akamshonea shati lililokatwa sawasawa, bila kuficha kitu. Ndilo analovaa kazini sasa, limeshuka upande mmoja, na wateja wanamuuliza alilala nalo wapi.

Tangu hapo hatulii. Mitungi ameihamishia begani kushoto, ili la kulia lipande. Anapiga mswaki kwa mguu mmoja. Anakula amesimama, mgongo ukutani. Kila anayempita anaulizwa, "Nitazame, niko sawa?" Mkewe anasema pacha wakimwona mlangoni hujificha chini ya meza ya kukatia nguo.

Jumatano hii jioni, ukumbini, amezunguka mikeka mara nane kabla ya kuanza kufundisha. Anayemsimamisha ni mwanafunzi wake mkubwa kuliko wote, nesi mstaafu wa miaka sitini na nne, aliyekuja darasani kujifunza kuanguka bila kuvunjika.

"Mwanangu, mguu wangu mmoja ni mfupi tangu nizaliwe," anamwambia. "Ulinifundisha kusimama, au hukunifundisha?"

"Nilikufundisha, mama."

"Uliurefusha mguu?"

"Hapana, mama."

"Ulinihamishia uzito. Ukaniambia mifupa haigombezwi. Leo miezi miwili unagombana na bega, uzito umeuacha hukohuko kulia. Haya, njoo hapa."

Anamshika ukosi kwa vidole viwili, kama mtahini, na kumvuta. Mtungi anaenda. Anamvuta tena, anaenda. Wanafunzi wengine wameacha mazoezi, wanatazama. Mara ya saba bega limebaki chini vilevile, lakini nyayo zote mbili zimekamata mkeka. Anasogea nusu hatua, anarudi, anasimama.

"Bado nusu hatua hiyo," nesi anasema.

"Nimeiona."

Alhamisi na Ijumaa hatabeba mtungi hata mmoja. Ameshaomba ruhusa, na mwenye duka ameguna, akaonya kuwa ni mara ya mwisho. Siku zote mbili nesi atakuwa anamvuta ukosi, asubuhi na jioni. Na akifeli?

"Nitatafuta darasa lenye cheti, niwapeleke wote kumi na tisa," anasema Mtungi, akihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu. "Mimi nitajiandikisha wa ishirini. Lakini Jumamosi, atakayenivuta kwanza atoke jasho."