Kitambaa cha Cucu Wangari

Asifiwe Mungu, aliyenipa miaka mingi kuliko nilivyostahili, akaniachia na kumbukumbu, hata zile zinazouma.

Nakumbuka Julai moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nikiwa karani kijana katika ofisi ya kanisa letu mjini Nyeri. Mzee Ndirangu, katekista mstaafu, alikuwa akikusanya maneno ya wazee wa Mukurweini. Mwaka huo mamake, tuliyemwita Cucu, yaani nyanya, alikuwa amekaa kando yangu siku nne akisimulia, nami nikipiga chapa moja kwa moja kwenye kompyuta. Alieleza jinsi alivyozika watoto wawili wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, na nyimbo alizowaimbia. Hayo hakuwahi kumwambia hata mwanawe, na Mzee alitoka nje ili mamake awe huru.

Yote yalikaa kwenye diski, ndani ya kisanduku cha chuma chenye feni ndogo ya kuipoza. Cucu akakishonea kisanduku kile kitambaa cha uzi mweupe, kama tulivyofunika redio zetu.

"Maneno yangu yasipate vumbi," akasema.

Kabla ya Pasaka akatutoka. Mzee akaniambia, "Nitayasoma machozi yakipungua."

Mwezi wa Juni feni ikaanza kupiga kelele.

"Karani, nini hiyo inalia hivyo?"

"Ni feni, Mzee. Imezeeka."

"Ati imezeeka! Na mimi nimezeeka, umenisikia nikilia?"

Akaagiza feni mpya kutoka Nairobi. Ilipofika nikaitia kwenye droo. Kazi yenyewe ilikuwa skurubu nne tu, lakini nilijiambia: Nyeri na baridi hii, sisi wenyewe tunaota moto wa jiko ofisini, feni ya nini? Nikachomoa waya wa ile kuukuu ili inyamaze, nikarudisha kitambaa, kikaziba matundu ya hewa.

"Umeweka hiyo mpya?" Mzee akauliza.

"Hiyo kazi kwisha, Mzee."

Alisikia kimya, akaniamini. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wiki ya tatu ya Julai hiyo kompyuta ikakataa kuiona diski. Madirisha yalikuwa yamejaa ukungu, lakini nilipoinua kitambaa, chuma kiliniunguza vidole. Fundi wa Murang'a aliifungua, akatikisa kichwa. Nakala nyingine sikuwa nimeweka.

Kwa aibu nikafunga feni mpya, kisha nikamwita Mzee na kumwambia ukweli wote. Aliweka kiganja nyuma ya kisanduku, akausikia upepo.

"Sasa inapumua," akasema. "Na mama?"

Niliyoyakumbuka nilimsimulia, lakini yalikuwa maneno yangu, si ya mamake. Hakunikaripia. Alikunja kile kitambaa polepole, akakitia mfuko wa koti.

"Ungeniambia bado hujaweka, ningekuja kukushikia tochi."

Mwanangu, hiyo tochi naiona hadi leo. Kitu kikilia, usikinyamazishe ili upate raha. Kifungue uone kinaumwa wapi. Ukiulizwa kazi ambayo hujaifanya, sema "bado". Neno hilo dogo lingetosha. Na mzazi akikukabidhi maneno yake, yaweke mahali pawili, kwa maana yeye hatakuja kuyasema tena.

Mungu, ambaye hasahau mtoto yeyote aliyezikwa vilimani mwetu, akulinde wewe usomaye, aupe ulimi wako ukweli na mikono yako wepesi wa kutenda leo. Amina.