Sketi Niliyoiandika Kliniki

Naona haya kuandika jambo hili, lakini watu zaidi ya ishirini waliniona siku ile, na wengine wao bado nakutana nao kila ninaporudi kliniki, kwa hiyo siri hakuna, ninachofanya ni kulisimulia mimi mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mwingine.

Naumwa utumbo. Nilianza nikiwa darasa la tano huko kwetu Haneti, tumbo linakata, naenda chooni mara nane kwa siku na natoka damu, na tangu hapo nahudhuria kliniki ya watoto mjini Dodoma. Sasa nina miaka kumi na saba na ndevu tatu (nimezihesabu), na bado nakalia viti vidogo vya plastiki, magoti yakinigusa kidevu, katikati ya watoto waliovaa sare za shule. Nilivumilia kwa sababu mama aliniambia tangu zamani kwamba ugonjwa huu ni wa utotoni, mwili ukikomaa unaisha wenyewe. Na mjomba Yona, mwenye karakana ya madirisha ya alumini kule Area D, alikuwa amesema, "Siku kliniki watakapokuachia, njoo nikufundishe kazi. Kabla ya hapo hapana, sitaki fundi wa kushuka ngazi mbio kutafuta choo." Basi nilikuwa nasubiri kuachiwa. Sikuwa na mpango mwingine wowote duniani.

Siku hiyo akaja nesi tusiyemjua, ana karatasi mkononi, akasema anataka kupima kila mmoja wetu anauelewa ugonjwa wake kiasi gani. Alisema wazi kabisa kwamba hakuna kufaulu wala kufeli, kila mtu aandike anachokijua. Lakini mimi nikishasikia neno kupima, halafu karatasi zinagawiwa, halafu juu kuna mstari wa kuandika jina, huo kwangu ni mtihani, na nikajiambia watakaofaulu ndio watakaoachiwa. (Mtihani wa darasa la saba nilifeli, na kijijini kila mtu anajua. Sikutaka kufeli tena mbele ya watoto.)

Pembeni yangu alikaa Rahma, mtoto wa miaka kumi, amekuja na baba yake kutoka Kondoa. Asubuhi alikuwa ameniamkia, "Shikamoo kaka," nami nikaitikia marahaba kwa sauti nzito, kama mtu mwenye mke. Swali la kwanza lilikuwa mchoro wa mtu na utumbo wake, upake rangi mahali penye ugonjwa. Nilijua tumbo linauma, lakini huko ndani ni wapi hasa sikuwahi kuambiwa, wala sikuwahi kuuliza, maana mimi mbele ya daktari mdomo haufunguki. Nikamtazama Rahma. Alikuwa anapaka mwisho wa utumbo mwembamba, hana wasiwasi. Nikapaka palepale.

Ukishaangalizia la kwanza, la pili unaliangalizia bila hata kufikiri. Na mimi naandika polepole, herufi moja moja, kwa hiyo sikuwa nasoma alichoandika, nilikuwa nakichora tu, nachungulia, nachora, nachungulia tena, shingo inaniuma. Nilikuwa wa mwisho kukusanya na nilijiona nimefaulu.

Wazazi wakaitwa ndani, wakasimama ukutani. Karatasi yangu ndiyo ilikuwa juu kabisa.

"Huyu kaka yenu nimemwona anavyohangaika na peni," nesi akasema. "Ngoja nisome yake, mama yake asikie."

Alikuwa na nia njema, ndicho kinachoniuma. Akasoma jina la dawa, akasoma saa za kumeza, kila jibu anasema vizuri, watoto wakanipigia makofi, na mama akajifunga khanga upya kwa furaha. Akafika swali la nne, kitu gani kinakusumbua zaidi.

"'Naogopa sketi yangu ya shule ikichafuka, wavulana watanicheka.'"

Halafu kuna mtoto mmoja mbele akauliza, "Kumbe kaka anavaa sketi?" na hapo walicheka mpaka wazazi, baba yake Rahma akaficha uso kwa kofia yake.

"Sista, msimcheke," Rahma akasema. "Ameniangalizia mimi. Nilimwona toka la kwanza, nikamsogezea karatasi maana alikuwa anapinda shingo."

Mtu mwenye akili angeomba radhi na kukaa. Mimi nikasema, "Nimeangalizia hilo la nne tu. Mengine ni yangu."

"Sawa," nesi akasema, akanipa karatasi. "Tusomee la tano, halafu utueleze."

Nikasimama. Swali lilikuwa kama ugonjwa wangu utapona. Nikasoma jibu kwa mwandiko wangu mwenyewe, neno moja moja, kama darasa la pili. "Hapana. Hauponi. Dawa zinaufanya utulie, na nitazitumia hata nikiwa mkubwa." Nilipoanza watoto walikuwa bado wanacheka. Nilipomaliza walikuwa wameacha.

"Eleza sasa," nesi akasema. Hakuwa amejua kwamba hilo silijui.

"Hapa huyu mtoto amekosea," nikasema. "Ugonjwa huu unaisha mtu akikomaa. Mwulizeni mama."

Mama alikuwa anatazama sakafu, anakunja pindo la khanga na kulikunjua.

"Hauishi, kaka," Rahma akasema, safari hii taratibu. "Mimi baba aliniambia."

Nikatoka. Mama alinikuta kwenye benchi nje, akakaa mbali kidogo.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unalilia chooni, Elia, mtoto mdogo. Nikakuambia kitu cha kukunyamazisha. Halafu kila mwaka nikawa nasema mwakani."

"Na mjomba?"

Kabla hajajibu nilikuwa nimeelewa. Siku kliniki watakapokuachia. Mjomba aliniambia hapana, akaificha ndani ya ndiyo, na mimi niliibeba miaka miwili kama ahadi.

Nesi akaja na karatasi mpya na faili langu. Akaniomba radhi, akasema hii hataisomea watu. Nikamwuliza ugonjwa wangu uko wapi, akanionyesha kwa kidole kwenye mchoro: utumbo mpana, si mwembamba. Ina maana hata mahali nilipaka pa mtu mwingine.

Niliandika muda mrefu, wengine wakaondoka mmoja mmoja. Rahma alipita na baba yake, akamwamkia mama shikamoo, mimi akaniambia tu, "Siku nyingine uliza, kaka. Usichungulie."

Kwenye la nne nikaandika: Kinachonisumbua ni kwamba wote walijua isipokuwa mimi. Maneno ya kawaida, lakini yalinichukua muda kuliko yote. Mama alinyoosha shingo asome. Nikaifunika karatasi kwa mkono, kama wanavyofanya watoto wenye akili darasani wasiangaliziwe.

Mjomba sijakwenda kwake bado. Nitakwenda, na nitamwambia mwenyewe kwamba kliniki hawaniachii, anipe kazi ya chini au aniambie hapana iliyo wazi. Na kuandika, siandiki tena neno ambalo sijalisoma kwanza mwenyewe, hata liwe jina langu.