Siku Niliyomfundisha Mama Mkwe Gesi Nikiwa Nimempa Mgongo

Wacheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana huko Tongaren, kwa wakwe zangu, hadithi hii inasimuliwa mpaka kwenye foleni ya kusaga unga pale posho mill: mimi ndiye yule mkwe aliyemwangusha mama mkwe wake mlangoni mwa jikoni, mchana kweupe, nikiwa nimevaa suti, mbele ya akina mama wa kanisa. Ndiyo, ni mimi. Chekeni mmalize ndiyo niendelee.

Kama wewe si mtu wa kwetu unaweza kusema, ah, kuanguka ni kuanguka tu. Hapana bana. Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka inakuwa taabu. Hamshikani mkono, hamketi chumba kimoja, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja wenu anageuka anaingia kwa shamba la mahindi la watu kana kwamba kuna kitu amepoteza huko. Na jikoni kwake? Heri uingie kwa zizi ukalale na fahali. Tangu nimuoe Nasimiyu, mama yake nilikuwa namjua kwa mgongo na kwa sauti, na zaidi ya yote nilikuwa namjua kwa kukohoa.

Hicho kikohozi ndicho kilituleta hapa. Mama alipelekwa Bungoma kwa daktari, daktari akamsikiliza kifua, akamwambia, mama, huu ni moshi, na ukiendelea kuuvuta hiki kifua kitafunga. Mama akaitikia vizuri sana, akamshukuru daktari, akamwombea hata baraka, akarudi nyumbani akawasha moto. Nasimiyu alipomuuliza, akasema, "Sasa unataka baba yako atafune unga mbichi?" Na ulikuwa msimu wa mvua, kuni mbichi, magunzi ya mahindi yamelowa, ile jikoni ukiitazama kutoka barabarani utadhani wanakausha samaki. Mke wangu akitoka kumwona anafika Kitale na macho mekundu, na si moshi peke yake uliokuwa umeyafanya mekundu.

Sisi Kitale tunapikia gesi tangu tuoane. Kwa hivyo kazi yangu ya kuchomelea mageti iliponinyookea kidogo, nikanunua mtungi, ule mdogo ambao kichwa cha moto kinafungwa juu yake na swichi iko pembeni. Nasimiyu alifurahi, lakini alinikalisha chini. Mnajua gesi ikipelekwa kwa wazee inavyofanyika: inavalishwa kitambaa cha kushona, inawekwa kando ya televisheni pamoja na maua ya plastiki, wageni wanaonyeshwa, na kuni zinaendelea jikoni kama kawaida.

"Mama ni mtu wa mara moja," akaniambia. "Akiogopa hii kitu siku ya kwanza, hataigusa tena mpaka tumzike. Kwa hivyo mimi ndiye nitamwonyesha. Wewe kazi yako ni kubeba."

Kubeba! Mimi, fundi ninayeshinda na moto wa kuchomelea vyuma kutoka asubuhi, nimekuwa hamali wa mtungi. Liliniuma.

Tulifika Jumamosi, mtungi umefungwa nyuma ya pikipiki na mimi na suti yangu ya harusi (ilikuwa inabana kidogo hapa tumboni, lakini huwezi kwenda ukweni na ovaroli). Habari zilikuwa zimetutangulia. Akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa uani, viti vimepangwa, kumbe wamekuja kutazama gesi kama vile watu wanatazama bibi harusi. Na katikati yao alikuwa Senge, dada yake baba mkwe, mwanamke wa kelele na mamlaka, ambaye alishasema tangu mwanzo kwamba hiyo ni kitu ya kuripuka.

Nasimiyu akachukua ndoo. "Nachota maji ya chai narudi," akasema. "Ningojee. Usiguse."

Ningengojea, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini alipokunja tu kona ya kisima, mama mmoja akaniuliza, "Ati mkwe, hii inawashwa namna gani?" Wote wakanigeukia. Mimi nikakohoa kidogo, nikaweka mkono mfukoni, nikasema kwa sauti ya mwenyekiti wa harambee, "Hii? Ni rahisi sana."

Sasa nikiri hapa hapa: gesi sijawahi kuiwasha hata siku moja. Nilikuwa nimeiona tu ikiwashwa, nikiwa kwenye kiti, nangoja chai. Lakini nilikuwa nimeshasema ni rahisi, na maneno yakishatoka hayarudi. Mtungi ukaingizwa jikoni, mama mkwe akaingia nao, na mimi nikasimama nje ya mlango nikiwa nimeupa mgongo, naangalia migomba, kama heshima inavyotaka. Senge akasimama mlangoni kati yetu, maana mimi siwezi kumsemesha mama moja kwa moja. Nikisema, Senge anapeleka, mama akijibu, Senge analeta.

"Senge, muulize kwanza kama moto wa kuni umezimwa."

Senge akajikohoza. "Mama Nasimiyu, mkwe wako anakusalimia sana, anashukuru kwa makaribisho, anasema na watu wa Kitale wote hawajambo, sasa anauliza kwa heshima kubwa kama ule moto wako wa kuni uko ama hauko."

"Hauko," mama akajibu ndani.

"Anasema hauko," Senge akaniletea, kana kwamba mimi ni kiziwi.

Ningegeuka hata kidogo ningeona. Hakuna mama wa kwetu anamwagia mafiga maji, mafiga yatapasuka na isitoshe ni mkosi, nyumba haiachwi bila moto. Wanachofanya ni kufukia makaa na jivu, yanalala humo yakingoja kupulizwa, na kwa macho ya mama hapo moto hauko tena. Mimi mwenyewe nimelelewa na mama anayefanya hivyo hivyo kila siku! Lakini sikukumbuka. Nilikuwa nafundisha.

"Mwambie ashike kiberiti. Halafu azungushe swichi hivi." Nikainua mkono juu, bado naitazama migomba, nikazungusha hewa. Akina mama uani wote wakainua mikono wakazungusha hewa pia, nikajisikia mwalimu mkuu.

Ndani kiberiti kikalia, cha, cha, cha. Hakikuwaka. Kililowa na mvua kama kila kitu kingine. Na swichi mama alikuwa ameshaizungusha, mpaka mwisho kabisa, maana mimi sikusema kiasi gani. Nikaanza kusikia ssssss. Kisha ile harufu.

"Senge, mwambie afunge! Haraka!"

"Mama Nasimiyu," Senge akaanza, "mkwe wako, akiwa na heshima zake zote, anaona kwamba ingekuwa vyema..."

Wele, Mungu wangu! Heshima itatumaliza! Nikageuka. Niliangalia ndani ya jikoni ya mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza maishani, na kitu cha kwanza nilichoona ni kamoshi kembamba, kametulia, kanapanda kutoka kwenye jivu la mafiga.

Sikufikiri. Niliingia mbio. Senge akaruka kando akipiga nduru, "Itaripuka!" na kwa ile nduru mama akatupa kiberiti akatoka mbio, na mlango wa jikoni ya kule mnaujua ulivyo, mtu mmoja anapita akiinama. Tulikutana hapo hapo, kichwa kwa kichwa. Mama akaangukia nje, mimi juu ya miguu yake, kilemba chake kikaruka kikatua kwa kuku. Nikainuka, nikaingia ndani, nikaukumbatia mtungi, nikatoka nao nikikimbia uani katikati ya viti, akina mama wanatawanyika wakiita Yesu, suti ikafanya prrraa huku nyuma, na sikusimama mpaka nikaingia kwa tope la zizi la ng'ombe nikapiga magoti.

Hapo ndipo nikafunga swichi. Kuzungusha mara moja tu, ikanyamaza. Kumbe ningeifunga pale pale jikoni na kila mtu angebaki na nguo zake na heshima yake.

Nilipoinua macho, Nasimiyu alikuwa amesimama na ndoo yake ya maji kichwani. Alimtazama mama yake aliyekaa kwenye nyasi bila kilemba, akanitazama mimi nikiwa nimekumbatia mtungi kwa mavi ya ng'ombe.

"Nilikwambia nini?" Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo mbaya. "Nilikwambia ubebe. Sasa ona. Umemmaliza mama yangu."

Maana akina mama walikuwa wameshaanza. Mmoja anasema ilikuwa shetani, mwingine anasema irudi Kitale leo leo, na Senge anatangaza kwamba mkwe amemgusa mama mkwe, hiyo faini yake ni kondoo mzima, na huo mtungi usikanyage boma hili tena. Baba mkwe alikuwa amejifunika uso na gazeti. Mimi nililia, wenzangu. Si kwa ajili ya suti. Nilisikia mama akikohoa pale kwenye nyasi, anakohoa hamalizi, nikajua nitausikia huo moshi kifuani mwake mpaka siku ya mwisho na itakuwa ni kwa sababu yangu na mdomo wangu.

Kisha kile kikohozi kikageuka. Nilidhani amezidiwa, kumbe mama anacheka. Anacheka mpaka anajishika mbavu, machozi yanatoka, na akina mama wakageuka mmoja mmoja kumtazama. Akainuka, akachukua kilemba chake kwa kuku, akakipigapiga vumbi, akakifunga polepole. Halafu akaja mpaka kwenye lango la zizi na akanitazama usoni. Mimi nikageuka haraka kuangalia ng'ombe.

"Wewe kijana, angalia huku," akasema. Mimi! Moja kwa moja, bila Senge! "Tumeshaanguka pamoja na kanisa zima limeona. Kondoo utaleta, hiyo ni yako na Senge. Lakini heshima gani ingine tunachunga hapa?"

"Pole, mama," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Uliingia kunitoa ama kutoa mtungi?"

"Wewe, mama. Niliona makaa."

Akatikisa kichwa. "Makaa niliyafukia. Ni yangu hayo makosa, si yako peke yako." Kisha akaenda kwa binti yake, akamtua ile ndoo, akaingia nayo jikoni, na sote tukasikia mafiga yakilia shwaaa. Senge alishika mdomo. Hakuna mtu pale alikuwa amewahi kuona mama akiuzima moto wake na maji.

"Sasa," mama akasema akitoka, "leteni hiyo kitu hapa uani kwenye upepo. Nasimiyu anionyeshe. Na huyu akae mbele yangu nimwone asije akanifundisha tena."

Basi Nasimiyu akamwonyesha. Kiberiti kikavu kwanza (kilitoka mfukoni kwa baba mkwe), moto ukaribie, ndiyo uzungushe kidogo, kidogo tu. Pu! Moto wa buluu ukakaa pale umetulia. Mama akauzima. Akauwasha mwenyewe. Akauzima tena akauwasha tena, anatazama akina mama wenzake huku kidevu kimeinuka, na mimi pale chini na suti iliyopasuka nilikuwa napiga makofi kama mtu aliyeshinda kura. Chai ikachemka. Senge alipopewa kikombe alinusa, akaonja, akasema haina ladha ya moshi. Mama akamwambia, "Ndiyo maana nimeipenda." Senge akarudisha kikombe kiongezwe.

Kondoo nilipeleka, tena dume mnono, na akina mama wakampigia vigelegele yeye kuliko walivyowahi kunipigia mimi. Lakini siku ile ya gesi, njiani kurudi Kitale, Nasimiyu hakusherehekea. "Leo kulikuwa na watu," akasema. "Tungoje tuone wakiondoka." Tukangoja. Tukipiga simu tunaogopa hata kuuliza, kila mmoja anaona kile kitambaa cha kushona akilini.

Hivi majuzi simu yangu ikalia nikiwa kazini, cheche zinaruka. Ilikuwa ni mama mkwe mwenyewe. Siku hizi ananipigia mimi, si binti yake.

"Mkwe, hii kitu yako imekufa."

"Imeharibika, mama?"

"Haijaharibika. Imeisha. Nimeitingisha, hakuna kitu ndani. Nimepikia ugali, mboga, chai ya asubuhi na ya jioni, nimepikia mpaka wageni wa kanisa. Maharagwe tu ndiyo nachemsha nje na kuni, hayo yatakula gesi yote. Sasa baba yako anauliza chakula na mimi sina moto."

Aliyasema hayo yote kwa pumzi moja, na hakukohoa. Niliweka chini miwani ya kuchomelea, nikamwita Nasimiyu kwa simu ile nyingine, nikaziweka hizo simu mbili pamoja asikie mwenyewe. Mke wangu alipiga kelele mpaka wateja wangu wakadhani kumetokea ajali. Watu wote wa mji huu wananung'unika gesi ikiisha, sisi ndio wanandoa wa kwanza kuruka kwa furaha.

Nimeapa sitafundisha tena mtu kitu ambacho mimi mwenyewe nimekiona tu nikiwa kwenye kiti. Mke wangu akisema ningojee, nitangoja mpaka miguu iote mizizi. Kazi yangu ni kubeba, na siku hiyo niliifanya kwa moyo wote: nilifunga karakana, nikafunga mtungi uliojaa nyuma ya pikipiki, nikampigia mama nikamwambia asiguse kuni, niko njiani.