Kifaru Aliyebaki Pichani

Picha ikiungua hainuki kama karatasi. Hutoa moshi mkali wa dawa unaokwama kooni, na mwaka 1979 karibu kila ua wa mtaa wetu Koboko ulinuka hivyo. Serikali ilikuwa imeanguka, askari wapya walikuwa wameshafika Arua, na watu walisema wanaingia nyumba hadi nyumba kuwatafuta waliotumikia jeshi la zamani. Kwetu Koboko, nani hakuwa na ndugu jeshini? Kila mama alifungua sanduku, akatoa picha zenye sare, akazitia motoni. Mama yangu naye hakubaki nyuma, ingawa baba hakuwa mwanajeshi hata siku moja. Alikuwa askari wa wanyama, akilinda vifaru weupe katika hifadhi iliyo mashariki ya Arua, upande wa Mto Nile. Lakini sare yake ilikuwa ya kijani na bunduki ni bunduki, na mama hakutaka kubishana na mtu mwenye haraka. "Kila picha yenye iko na bunduki, leta," aliniambia.

Baba hakuwa na picha isiyo ya kazini; nilileta zote ila moja. Mwaka uliotangulia baba alinipeleka hifadhini, na mgeni mmoja mwenye kamera akamwomba asimame kwenye nyasi, bunduki begani, kifaru akiwa nyuma yake hatua thelathini hivi. Mimi nilijibanza nyuma ya gari. Ghafla yule mnyama aliinua kichwa, masikio yakageuka upande wetu. "Usikimbia," baba alisema bila kugeuka. "Macho yake iko mubaya, lakini masikio inasikia mpaka roho yako." Nilizuia pumzi hadi kifua kikauma, kisha nikajikojolea, na baba alinitania kwa hilo njia nzima hadi nyumbani. Mgeni alituma picha kwa posta. Sikuwahi kupenda kitu kama nilivyoipenda picha ile.

Nililia mpaka mama akalegea. "Basi, baki na nyama yako, hii kifaru. Lakini baba yako kata, utoe." Nilikuwa na miaka tisa. Nilichukua mkasi wake wa kushonea, nikakata polepole, na pale sikio la kifaru lilipokaribiana na bega la baba, nikaliacha sikio zima, nikakata bega. Kipande cha baba kikaenda motoni. Kilichobaki ni kifaru, nyasi, na ncha ya kiatu chini pembeni. Niliringia kazi yangu.

Wiki mbili baadaye baba alifika kwa miguu kutoka hifadhini, amekonda. Ofisi ya hifadhi ilikuwa imefungwa, vitambulisho vyao vimebaki humo, wenzake wametawanyika. Hakuna aliyemwambia habari za picha. Tulikuwa na mengine ya kusema. Kesho yake asubuhi tulitoka naye kwenda kwa shangazi, na njiani tukakuta askari wameweka kizuizi. Walimvua shati, wakaona begani alama ya mkanda wa bunduki. "Mwanajeshi huyu," alisema mkubwa wao.

"Hapana, afande. Mimi nachunga nyama ya pori. Picha iko nyumbani." Akanigeukia, karibu atabasamu. "Kimbia, mwanangu. Leta ile ya kifaru."

Nilitaka kumwambia. Nilikimbia nikiomba nikute nyumba imeungua yote, nipate la kusema. Nyumba ilikuwepo, mama ameenda kisimani, na picha ilikuwa chini ya godoro langu. Niliogopa kurudi nayo, na niliogopa zaidi kutorudi.

Mkubwa wa askari aliitazama mbele na nyuma. "Kifaru namwona. Baba yako yuko wapi?" Akaweka kidole pembeni. "Hiki ni kiatu cha jeshi."

Baba aliinama akaiangalia picha, akafuata kwa macho pale mkasi ulipopita. Nilingoja anikaripie. "Enda kwa mama yako," alisema taratibu. "Mwambia nakuja." Mkubwa wao akanitupia picha, wakampandisha baba lori, na hatukumwona tena.

Tulivuka kwenda Sudan, tukarudi baada ya miaka mingi. Vifaru wa hifadhi ile walikuwa wamekwisha, wamepigwa risasi katika fujo za miaka ileile. Siku hizi watalii hupiga picha kwa simu, mia kwa siku, na wasizozipenda huzifuta huku wakicheka. Mimi ninayo moja, na wanangu wanamjua kifaru wangu hadi mikunjo ya shingo. Wakiniuliza babu yao alikuwa na sura gani, nasema alikuwa mrefu, kisha nawaonyesha ile ncha ya kiatu, kwa sababu uso wake umenitoka. Nilimkata baba ili asituletee kifo nyumbani, na nilikata vizuri mno.