Delko ya Semana

Semana alizaliwa Bihambwe, akaja kwenye kilima chetu juu ya Mweso akitafuta majani ya ng'ombe wake, na hajawahi kukubali kwamba kufuli inalinda kitu. Kufuli, anasema, inamwonyesha mwizi mahali pa kutafuta.

Ana sababu zake. Mwaka ule watu wenye bunduki walipopita kukusanya ng'ombe, walikuta kwake ndama wawili tu. Wengine alikuwa amewaragiza, yaani amewaweka kwa watu wamtunzie, mmoja huku, wawili kule. Mtunzaji anamlisha ng'ombe na kunywa maziwa yake. Na ng'ombe wa kuragizwa, pale kwetu, harudishwi kwa kutuma mjumbe. Mwenyewe anakuja, anakaa kwenye kiti chako, anaomba kwa kinywa chake. Akifa, mke wake anakuja bila kitambaa kichwani, anasema yeye ni mjane, naye anapewa bila swali.

Basi, gari. Ni Land Rover aliyoachiwa na baba yake, ya zamani kuliko watu wengi wa kilima hiki, na rangi yake ya kijani imebaki milangoni tu. Siku ya soko inashusha mabidoni ya maziwa na jibini hadi Mweso, inapanda na chumvi, sabuni na wazee wenye magoti mabaya. Mimi sikuona uzuri wake wowote. Kumbe mijini kuna watu wanaoyapenda magari ya kizee kama hayo, wanayapaka rangi na kupandishia maharusi. Moja liliibwa upande wa Kitshanga, jingine huko Masisi, na Semana akakosa usingizi.

Alianza na mnyororo, ukakatwa. Akalala ndani ya gari wiki nzima. Akapata kikohozi, na Béata, mke wake, akamuuliza kama siku ile kanisani alioa mwanamke au Land Rover. Ndipo akaamua kuiragiza kama ng'ombe, kipande kwa kipande.

Mimi alinipa usukani. Alikuja na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akakaa, akasema maneno yaleyale ya ng'ombe, nami nikauma midomo nisicheke. Batri alimpa Léontine, jirani yetu wa hapo chini. Delko, kile kidude kinachogawa moto kwenye injini, alimpelekea Nzabonimpa, katekista, anayekaa ng'ambo ya kijito. Na kwa kuwa gari halitoi maziwa, kila mtunzaji alipanda bure siku ya soko na gunia lake moja. Usukani ulikaa chini ya kitanda changu, na mume wangu alijigonga hapo vidole vyote vya mguu, kimoja baada ya kingine.

Wezi walikuja Jumapili tukiwa misani. Walifungua boneti, wakaangalia, wakaenda zao na kapeti ya mbele. Semana alicheka hadi akashika mbavu. Lakini baada ya muda kijana mmoja mwenye adabu sana alifika kwa Léontine, akasema Papa Semana amemtuma kuchukua batri. Léontine alikuwa amekwisha kuinyanyua alipokumbuka masharti. Semana akatuzungukia wote.

"Musipatie muntu," alisema. "Hata Delphin. Mpaka munione miye mwenyewe."

Delphin ni mwanawe mkubwa, ndiye anayeendesha baba akichoka. Aliwahi kusema gari liuzwe kwa watu wa Goma. Semana hakulisahau neno lile, na alimwambia Nzabonimpa.

Sasa, Semana alikuwa na ngiri ya miaka mingi, ambayo alizoea kuirudisha ndani kwa mkono na kuendelea na kazi. Asubuhi moja ya mvua ilitoka ikakataa kurudi. Tumbo likawa gumu kama ubao, akatapika, sauti ikamwisha. Muuguzi wa kilima alimpapasa na kusema apasuliwe leo, la sivyo kesho tunachimba kaburi. Pikipiki hazikupita kwa matope, na kumbeba mabegani kwa kipoyi hadi hospitali ya Mweso kungechukua mchana kutwa. Mimi nilimwona amelala pale, nikakimbia kuleta usukani. Léontine akaleta batri kichwani. Delphin akaenda ng'ambo kuchukua delko, akarudi mikono mitupu, analia kwa hasira.

"Anasema Papa akuje mwenyewe."

Semana hakuweza hata kugeuza shingo. Nilimshika Béata mkono tukavuka kijito. Nzabonimpa alisimama mlangoni mwake, mikono nyuma.

"Mama, jana jioni nilisalimiana na Semana, alikuwa muzima," alisema. "Leo mutoto mwenye alitaka kuuzisha gari njo anakuja kuniomba delko. Weye ungemupatia?"

"Nimemuona na macho yangu," nikamwambia. "Anakufa."

"Hajakufa bado. Yeye njo aliniragiza, na nilimupatia neno yangu."

Nilimwambia mambo ambayo katekista hapaswi kuambiwa. Angekuwa mtu mbaya, ningemsukuma nikaingia. Lakini midomo ilikuwa inamtetemeka, na nikajua anaogopa kuliko sisi: aliahidi mbele ya rafiki yake, na hakuona mlango wa kutokea.

Béata alifungua kitambaa chake kichwani, akakikunja, akapita kati yetu na kukaa kwenye kiti.

"Semana amekufa," alisema. "Niko mujane. Nimekuja kukamata kitu ya bwana yangu."

Nzabonimpa alimtazama. Alijua; hakuna mwanamke anayefiwa akaja mbio bila kulia. Aliingia ndani, akatoka na delko imefungwa katika shati lake la misa, akampa kwa mikono miwili kama mjane anavyopewa, akasema, "Pole, Mama." Machozi yakamshuka.

Kurudi, Béata alikimbia mbele yangu peku, kitambaa mkononi. Niliona anavyoogopa neno alilolitoa, na mimi pia niliogopa. Delphin alifunga delko, gari likakohoa, likawaka. Walifika Mweso, Semana akapasuliwa siku ileile, akapona.

Alirudi amekonda. Alipoweza kusimama alituita wote, akaleta kasiksi, akaanza kuragiza upya. Usukani kwangu, batri kwa Léontine. Delko akamnyooshea Nzabonimpa, akimsifu kwamba hakuna mtunzaji kama yeye. Béata akainyakua katikati.

"Hii inabaki kwangu."

"Béata, wezi banajua nyumba yetu."

"Bajue. Ile siku nilijiita mujane juu ya hii chuma, na weye ungali unapumua."

Hakuna aliyekuwa amemwambia Semana habari hiyo. Semana alimtazama Nzabonimpa, naye akainamisha kichwa. Akanitazama mimi, nami nikatazama kasiksi. Semana akasogeza kiti chake mbele ya mke wake, akamimina kasiksi, na kwa maneno yote ya ng'ombe, bila kuruka hata moja, akamwomba amtunzie delko.

"Nimekubali," Béata akasema. "Lakini siku muntu anagonjwa, nitaipatia wa kwanza mwenye atafika. Hata kama ni mwizi."